Nyumba Mpya ya Goba au Nyumba ya Zamani ya Kibaha: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja

Mwanzoni mwa mwaka 2024, mume na mke ninaowafahamu kwa karibu waliamua kuacha kupanga na kununua nyumba yao wenyewe. Mume ni karani katika ofisi moja ya Posta, katikati ya Dar es Salaam. Mke ni muuguzi Kibaha. Wana watoto wawili wa shule ya msingi, na mama mzazi wa mke anaishi nao tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Kwa miaka kumi na miwili walikuwa wakiweka akiba, na sasa walikuwa na shilingi milioni 60. Baada ya wiki kadhaa za kuzungushwa na madalali walibakiwa na nyumba mbili tu, wakaniomba niwasindikize kuzitazama kwa kuwa nimesimamia ujenzi kwa muda mrefu. Ninaeleza kisa chao kwa ridhaa yao.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam. Ilijengwa mwaka 2021 kwenye kiwanja cha mita 16 kwa 24, ikiwa na vyumba vitatu, kimoja kikiwa na choo ndani, paa la mabati ya msauzi, madirisha ya alumini, dari ya jipsamu yenye taa za kujificha, vigae hadi barazani, maji ya bomba na fensi ya tofali yenye geti. Bei ilikuwa shilingi milioni 115. Dalali alisema neno ambalo mke alilirudia njia nzima tukirudi: "Hapa, mama, unaingia na begi lako tu."

Nyumba ya pili ilikuwa Kibaha, ndani kidogo kutoka eneo la Picha ya Ndege, kwenye kiwanja cha mita 45 kwa 60, yaani karibu mara saba ya kile cha Goba. Maeneo hayo yalianza kuvuta watumishi tangu Kituo cha Elimu Kibaha kilipoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa nchi za Nordiki na Tanganyika, na mzee aliyejenga nyumba hii mwaka 1983 alikuwa mtumishi wa zama hizo, za watu waliopata viwanja vikubwa na kujenga polepole kwa mshahara. Kuta zilikuwa za tofali za saruji zilizofyatuliwa palepale uani. Choo kilikuwa nje, jiko lilikuwa limejaa masizi, na paa lilikuwa la vipande vya kijivu vya asbesto vilivyoota ukungu. Uani kulikuwa na minazi tisa, mwembe dodo, mikorosho miwili na, pembeni chini ya mkorosho mmoja, kaburi la mzee mwenyewe. Warithi walitaka milioni 96.

Mume na mke walilinganisha nyumba hizo kama watu wengi wanavyolinganisha. Walichukua ukurasa wa daftari la mtoto, wakapiga mstari katikati, wakaandika upande huu na upande ule: choo, jiko, sakafu, maji, usalama, umbali wa kazini kwa mume. Goba ilishinda karibu kila mstari. Kibaha ilishinda kwa ukubwa wa kiwanja na kwa ukaribu wa kazi ya mke, basi. Nilipouona ukurasa ule niliwaambia kwamba haukuwa na kosa katika majibu, kosa lilikuwa katika maswali, kwa sababu karibu yote yaliuliza habari za jengo na hakuna hata moja lililouliza habari za ardhi iliyo chini yake na karatasi zinazoishika ardhi hiyo. Jengo lenye kasoro hurekebishwa kidogo kidogo, mwaka huu choo, mwaka kesho jiko. Mteremko, korongo, udogo wa kiwanja na umiliki wenye utata havirekebishwi na fundi yeyote, na mnunuzi anayevikuta baada ya kulipa huwa amevinunua pamoja na nyumba. Nikaomba turudi sehemu zote mbili tena, safari hii mvua zikiwa zinanyesha.

Tulirudi Goba katikati ya Aprili, katika msimu ule wa mvua nyingi ambazo zilianza na El Niño mwishoni mwa 2023. Goba ni nchi ya vilima na mabonde, na nyumba nyingi huko zimesimama kwenye miteremko iliyosawazishwa kwa kukata upande mmoja na kujaza kifusi upande wa pili. Hii ilikuwa mojawapo. Upande wa mbele msingi ulikaa kwenye udongo wa asili. Upande wa nyuma, vilipo jiko na chumba ambacho kingekuwa cha mama mkwe, ulikaa juu ya kifusi chenye kimo cha mtu. Katika kona ya dirisha la jiko kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unaoshuka kwa mshazari. Ufa peke yake haunitishi, kwa kuwa karibu kila nyumba ya tofali ina nyufa. Ninachotaka kujua ni kama ufa umekwisha kutulia au bado unatembea, na njia ya kujua haina gharama: katika safari ya kwanza, mwezi Machi, nilikuwa nimeweka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na kuandika tarehe pembeni, kwa maandishi madogo ambayo dalali hakuyajali. Wiki tano baadaye ncha ya chini ilikuwa imeipita alama yangu kwa upana wa vidole viwili. Mke aliinama, akaweka kidole chake kati ya alama na mwisho wa ufa, akanyamaza.

Kisha tukapanda juu ya tofali zilizobaki uani tukachungulia nyuma ya fensi. Hatua kama kumi na moja kutoka ukutani ardhi ilikatika, na chini yake lilikuwako korongo lenye maji mekundu yanayokwenda kwa kasi, likiwa limekwisha kula nusu ya fensi ya jirani, ambaye alikuwa amepanga viroba vya mchanga kwenye ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zinazoathiri mazingira zikae mita 60 kutoka kingo za mito, na wakazi wa bonde la Msimbazi waliobomolewa mwishoni mwa 2015 wanaujua uzito wa mita hizo. Dalali alisema kwamba lile si mto, ni maji ya mvua tu. Huenda ana haki, kwa kuwa wakati wa kiangazi pale hapana tone. Hata hivyo, mtu anayetaka kuweka akiba ya miaka kumi na miwili mahali hapo hapaswi kutegemea tafsiri ya dalali kuhusu mto ni nini, na hata kama sheria isingekuwapo, korongo lenyewe linasogea.

Karatasi nazo zilikuwa nyepesi. Muuzaji alikuwa na hati ya mauziano iliyoshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, pamoja na stakabadhi ya mchango wa urasimishaji, yaani kupima na kutambua rasmi makazi yaliyojengwa bila mpango. Eneo lilikuwa limepimwa, hatimiliki ilikuwa bado. Urasimishaji ni kazi njema na umewaokoa wengi, lakini kwa familia hii ulikuwa na maana mbili za papo hapo. Kwanza, michoro ilionyesha njia ya watu kupita kandokando ya fensi, na sehemu ya fensi ilikuwa imeingia ndani ya njia hiyo. Pili, hakuna benki ingepokea karatasi ile kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Muuzaji alikubali kulipwa milioni 60 taslimu na milioni 55 kwa miezi 18, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 kila mwezi, kiasi ambacho mishahara yao miwili isingekifikia hata wakiacha kula. Kwa hiyo nyumba iliyoonekana kuwa tayari kwa kuingia na begi haikuwa hata tayari kulipiwa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba ya Kibaha ndiyo nzuri. Haikuwa hivyo, na sehemu ndefu ya kazi yetu ilikuwa Kibaha, kwa sababu nyumba ya zamani huja na mambo ya watu waliotangulia.

Jengo lenyewe lilinipa moyo. Juu ya mlango wa jiko kulikuwa na ufa mpana kuliko ule wa Goba, ila ndani yake niliona tabaka tatu za rangi, kijani, maziwa na bluu, maana yake ufa ulikuwapo tangu rangi ya kwanza na haukuongezeka tena. Alama zangu za penseli hazikusogea. Kiwanja ni tambarare na udongo ni wa kichanga unaonyonya maji. Siku tuliyokwenda ilikuwa imenyesha usiku kucha na uani hapakuwa na dimbwi. Chini ya kuta unyevu ulikuwa umepanda kufikia magotini na lipu imechubuka, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za miaka ile zilizojengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Hilo huvumilika: lipu huondolewa, ukuta huachwa ukauke, hupigwa lipu nyingine, na mfereji mdogo huzungushwa nje kuondoa maji ya paa.

Paa ndilo lililokuwa tatizo kubwa la jengo. Asbesto iliyotulia juu ya kenchi haina madhara makubwa, lakini ikikatwa, ikipasuliwa au ikichakaa hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho ambazo huingia mapafuni, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zake zote husababisha saratani. Fundi wa kwanza aliyeletwa kutoa bei alishauri vipande vizima vishushwe, vitumike kuezekea banda la kuku, na vilivyopasuka visagwe kujazia jamvi la sakafu. Nilimkatalia mbele ya familia, na ninakataa tena hapa kwa nguvu zote, kwa sababu ushauri wa namna hiyo hutolewa kwa nia ya kuokoa fedha na huwaachia watoto wa nyumba ugonjwa unaojitokeza miongo kadhaa baadaye. Vipande hulowanishwa maji kwanza, hufunguliwa bila kuvunjwa, mafundi wakiwa wamevaa barakoa za kuzuia vumbi laini na mavazi ya kutupwa, kisha hufungwa ndani ya nailoni nzito na kupelekwa kufukiwa mahali panaporuhusiwa na mamlaka. Kazi hiyo ilipandisha gharama ya paa, pamoja na mbao na mabati mapya, hadi shilingi milioni 9.5.

Nyaya za umeme zilikuwa za zamani na hazikuwa na waya wa kwenda ardhini; kuzibadilisha kungegharimu milioni 2.8. Choo na bafu ndani, pamoja na chemba na shimo la maji taka, milioni 4.7. Tangi la maji na mnara wake, milioni 1.6, kwa kuwa maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yatokayo mtambo wa Ruvu Juu yapo, ila si ya kila saa. Lipu, dari na rangi, milioni 3.4. Jumla ilikuwa milioni 22, bila akiba ya dharura ambayo mimi huiweka si chini ya asilimia 10 kwa nyumba ya umri huo, kwa maana ukifungua ukuta wa zamani hukosi kukuta jambo. Fensi sikuiweka. Mzunguko wa kiwanja ni mita 210, na ukuta wa tofali wa urefu huo ungemeza karibu fedha yote ya ukarabati. Michongoma iliyokuwapo, ikizibwa mapengo na kuongezewa seng'enge, ingetosha kwa miaka kadhaa.

Hapo ndipo tulipofika kwenye hati. Warithi walituambia kwa fahari kwamba hati ipo, na kweli ilikuwapo, imehifadhiwa ndani ya bahasha ya khaki pamoja na risiti za kodi ya pango la ardhi. Kila aliyeiona alisema "hati safi" na kuirudisha. Nilimwomba mke aisome mwenyewe, mstari kwa mstari, na akaufikia mstari unaosema kwamba umiliki ni wa miaka 33 kuanzia mwaka 1994. Alihesabu kwa vidole. Mwaka 2027. Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anachopewa mwananchi ni haki ya kuimiliki kwa muda, ambao kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hauzidi miaka 99. Hati nyingi za zamani zilikuwa za miaka 33. Muda ukikaribia kwisha mmiliki huomba kuhuisha, na kwa kawaida aliyelipa kodi na kutimiza masharti hukubaliwa, lakini hakuna benki inayokopesha kwa miaka 15 juu ya hati iliyobakiza mitatu. Upekuzi kwa Msajili wa Hati ulionyesha jambo jema kwamba hapakuwa na rehani wala zuio.

Mzee alifariki mwaka 2016, na mkewe alikuwa amemtangulia. Mtoto wa kwanza wa kiume aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi na alikuwa na fomu yake ya uteuzi, lakini jina lake lilikuwa halijaingizwa kwenye hati. Kisheria msimamizi anaweza kuuza kwa niaba ya warithi. Kwa uzoefu wangu, saini ya msimamizi peke yake ni mlango ulioachwa wazi kwa mashauri, na nikasisitiza kwamba watoto wote wanne wa marehemu waandike ridhaa zao. Watatu walitia saini ndani ya wiki moja. Dada yao mkubwa, anayeishi Mwanza, hakutia, na kaka yake alitusihi tuendelee tu kwa kuwa "sheria inaniruhusu". Tulikataa.

Mke alimpigia simu mwenyewe, mtu mzima kwa mtu mzima, na mazungumzo yale yalifungua jambo ambalo wanaume wote tuliokuwa kwenye shughuli hii, mimi nikiwemo, tulikuwa tukilipita pembeni kila tulipokwenda uani. Dada yule hakuwa na tatizo na bei. Alisema: "Mdogo wangu, nyumba chukueni kwa baraka zote, lakini baba msimwache kwenye majani." Alitaka kaburi lisijengewe, lisihamishwe, na ndugu waruhusiwe kuja kulisafisha. Wakili aliandika kifungu katika mkataba: eneo la mita 6 kwa 6 kulizunguka kaburi halitajengwa, na watoto wa marehemu watakuwa na haki ya kupita kulifikia kwa taarifa. Mama mkwe alipoelezwa aliona ajabu kwamba jambo hilo lilihitaji kuandikwa. Dada akatia saini, na bei ikashuka hadi milioni 88, baada ya sisi kuwaonyesha warithi gharama za paa na za kuhuisha hati.

Mpima alipokuja kufufua mipaka alizikuta bikoni, yaani nguzo za mipaka, tatu kati ya nne. Ya nne ilikuwa imefunikwa na banda la jirani, lililoingia ndani kwa mita moja na nusu. Jirani aliitwa, akaonyeshwa, akaandika kwamba atalihamisha, na mjumbe akashuhudia.

Hesabu ya fedha ilikuja kuwa hivi. Milioni 88 zingelipwa kwa milioni 38 za akiba na milioni 50 za mkopo wa benki. Kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15, makato yanakaribia shilingi 700,000 kila mwezi, na jumla ya marejesho inafika karibu milioni 126. Niliwaandikia namba hiyo kubwa kwenye karatasi kwa sababu watu huangalia makato ya mwezi na kusahau jumla. Akiba iliyobaki ilikuwa milioni 22, sawasawa na ukarabati wote, na hapo hapakuwa na ushuru wa stempu wa asilimia 1, ada ya wakili, wala akiba ya dharura. Kwa hiyo lipu, dari na rangi viliondolewa katika awamu ya kwanza, na zile milioni 3.4 zikabaki kwa hayo mengine. Kodi ya majengo haikuwa na tofauti yoyote, kwa kuwa nyumba ya kawaida, iwe mpya au ya zamani, hukatwa shilingi 18,000 kwa mwaka kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla.

Kilichobaki ni muda wa mume, na hapa sikuwa na dawa. Kutoka Goba kupitia Makongo angekuwa ofisini kwa kitu kama saa moja na nusu. Kutoka Kibaha hupanda daladala hadi Mbezi, kisha Kimara, kisha basi la mwendokasi hadi Posta, na siku ya foleni safari ya kwenda na kurudi hula saa nne au zaidi. Mke kwa upande wake angetembea kwenda kazini. Nilimwambia mume waziwazi kwamba katika uamuzi huu yeye ndiye mlipaji mkubwa kuliko benki, kwamba saa zake za jioni na watoto hazitarudi, na kwamba kama ajira zao zote mbili zingekuwa Dar es Salaam ningewashauri waitafute nyumba nyingine mpya, mbali na korongo na yenye hati, waachane kabisa na Kibaha. Alifikiri siku nne. Alichosema aliporudi ni kwamba mama mkwe hawezi kushuka ngazi za Goba kwenda msalani usiku, na kwamba ule ufa wa jikoni ulikuwa upande wa chumba chake.

Mkataba ulitiwa saini Juni 2024 kwa malipo ya awali ya asilimia 10 yaliyokaa kwa wakili, kwa sharti kwamba yatarudishwa yote endapo hati haitahuishwa. Kumwingiza msimamizi kwenye hati, kuhuisha muda, kupata kibali cha uhamisho, warithi kulipa kodi ya ongezeko la mtaji na benki kusajili rehani kulichukua miezi saba. Katika miezi hiyo familia iliendelea kulipa kodi ya nyumba ya kupanga, gharama ambayo sikuwa nimeiweka kwenye hesabu yangu, na nilipaswa kuiweka. Asbesto ilishushwa Februari 2025, kwa siku mbili, familia ikiwa haipo.

Walihamia mwezi Aprili. Mama mkwe amelima mchicha na mihogo upande wa mashariki, na eneo la kaburi limefagiwa na kuzungushiwa mawe meupe. Jirani amehamisha banda. Mume huondoka saa kumi na nusu alfajiri. Ombi lake la kuhamishiwa tawi la karibu halijajibiwa, na sebule bado haina dari.